Mche wa Mwisho wa Ulimi

Kule kazini walimwita Mama Baridi, na jina lilimkaa hata kabla halijawa na sababu. Alikuwa mtunza barafu. Katika jengo lile la utafiti, ghorofa ya chini, nyuma ya mlango mnene wa chuma, kulikuwa na chumba ambacho mtu akivuta pumzi ya kwanza pua inakauka. Humo, rafu juu ya rafu, ililala miche ya barafu iliyochomolewa kutoka bahari za ncha ya dunia, mviringo, minene kama mguu wa meza. Wenzake walisafiri kwa meli wakaileta. Yeye aliipokea, akaipanga, akaikata, akaiyeyusha na kuipima. Bahari yenyewe hakuwahi kuiona. Alikuwa na utani wake kwamba yeye ni kama wifi: anakaa nyumbani, analetewa, kisha anatafuta kasoro. Utani ule aliuacha mwaka jana.

Mumewe alikuwa mmoja wa hao wa meli, na huko melini jina lake lilikuwa Ulimi. Kisa chenyewe ni hiki. Maji ya bahari yakiganda hubaki na chumvi ndani, kwenye vishimo vidogo visivyoonekana kwa macho. Barafu ya msimu mmoja, ile wanayoiita changa, ukiitia mdomoni utatema. Lakini ikijaliwa kuvuka kiangazi kimoja, viwili, vitatu, chumvi hujichuja taratibu ikarudi ilikotoka, na barafu ikabaki ngumu, yenye rangi ya buluu, tamu kiasi cha kupikia chai. Hiyo ndiyo kongwe. Kongwe hubeba mzigo wako na wa jirani. Changa, hewa ikipata joto kidogo tu, vishimo vyake huungana ikaoza kwa ndani, huku kwa juu inakuchekea, nyeupe pe. Basi wenzake walipokuwa wakihangaika na vipimo, yeye alisimamisha keekee ya kutobolea barafu, akachomoa mche, akamega pembe yake ya juu kwa kisu na kuitia mdomoni. Akishasema kongwe, ni kongwe. Vipimo vilikuja baadaye kumpa haki yake, na kila mara vilimpa.

Mama yake alipoelezwa kwamba mwanawe analipwa mshahara kwa kuonja barafu, hakushangaa hata kidogo. Mtoto yule, alisema, tangu anatambaa hakuona kitu asikitie mdomoni: chaki, vifungo vya shati, sabuni ya kufulia, na siku moja ufunguo wa kabati la watu. Alimchapa vidole, akampaka shubiri, wapi. Kisa hicho alikisimulia hadi siku ya harusi, bwana harusi amekaa palepale kajiinamia, na wageni wanapigana mabega kwa kicheko.

Mwaka jana, majira ya baridi ya huko yakielekea ukingoni, Ulimi alizama. Alikuwa na mwenzake mmoja, jamaa mwenye urefu wa mlingoti ambaye walimwita Mrefu, maana watu wa melini hawapotezi muda kubuni majina. Walikuwa wakitafuta mahali pa kusimika mitambo mizito. Ulimi akatoboa, akachomoa kipande cha juu kirefu kama mkono, akaonja, akaridhika. Hakuendelea kutoboa mpaka chini. Alimkabidhi Mrefu mche ule aurudishe melini kwa sleji ya kuburuta, na yeye akatangulia mbele na mashine iliyobeba mitambo. Mrefu hajafika nusu ya njia, redio ikaongea kwa sauti ya Ulimi: "Nimeonja. Ni kongwe. Nasonga." Baada ya hapo redio haikuongea tena. Walimtafuta mpaka ukungu ukawafukuza. Pale ambapo njia ya mashine iliishia palikuwa na maji meusi, na mwili haukupatikana.

Mama Baridi hakulia. Watu walikuja, wakakaa, wakawa wanamtazama kama sufuria inayosubiriwa ichemke. Majirani walinong'ona kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, wakajiweka tayari kwa huo mshindo, nao ukachelewa, hadi wakachoka wakaenda zao. Yeye alioga, akala alichopewa, akaitikia salamu. Mwili mzima ulikuwa kama mguu ulioukalia vibaya ukafa ganzi. Tofauti ni kwamba mguu ukiunyoosha, damu hurudi na vijisindano vyake, ila kwake vijisindano havikuja. Alirudi kazini kabla ya ruhusa kwisha. Kwenye chumba cha baridi kila mtu huwa na ganzi, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza kitu.

Chini ya ganzi hiyo kulikuwa na swali moja, na hilo halikulala hata siku moja. Mtu anayejua barafu kiasi kile anazamaje? Ulimi alikuwa amenyamaza sana kabla ya safari. Kila mwaka walikwenda mbali zaidi kutafuta kongwe na wakarudi na kidogo zaidi, kwa sababu viangazi vilikuwa vimeongezeka joto na barafu haikuwahi tena kuzeeka. Jioni moja, akivua viatu, alimwambia mkewe kwamba amekuwa kama fundi wa mashine za kupigia chapa: ufundi anao, mashine hazipo. Halafu Mrefu alipokuja msibani alileta saa ya mkononi ya marehemu, akasema Ulimi alimpa siku chache kabla. Mtu mzima anagawaje saa yake katikati ya safari? Na kwa nini mtu makini namna ile hakutoboa mpaka chini?

Woga wake ulikuwa huu: kwamba alijua, na akaenda hivyohivyo. Hakumwambia mtu. Aliupigia hesabu peke yake akifuta meza za maabara, na hesabu ilikuwa nyepesi. Kama mche ule wa mwisho ni kongwe, basi Ulimi alisema kweli kwenye redio, na yaliyompata ni ajali, na ajali haina kinga. Lakini kama ni changa, basi ulimi ambao haujawahi kukosea ulidanganya siku ile, na sababu ya kudanganya ilikuwa moja tu.

Mche wenyewe ulikuwa rafu ya chini kabisa, nyuma, umelala kwenye mfuko wake tangu ushushwe melini. Kuupima chumvi kunataka uukate na uuyeyushe. Hakuna njia nyingine. Na ulikuwa kitu cha mwisho duniani alichokishika mumewe. Kwa mwaka mzima aliihudumia miche jirani ya kushoto na kulia, huo akauruka.

Siku moja mkuu wa maabara alimwita ofisini. Alikuwa mtu mpole, na alipokuwa na jambo zito alifuta miwani. Siku hiyo aliifuta mpaka ikakaribia kutoboka. Alisema miche yote ya safari ile imekwishapimwa isipokuwa mmoja, na kazi ya wenzake wote imekwama hapo, na kama Mama Baridi angependa, mche huo angepewa mtu mwingine. Mama Baridi alisema ataukata mwenyewe, kesho. Aliisikia sauti yake ikisema hivyo, shwari kama ya mtu anayeagiza sabuni.

Nyumbani alikuwa akiishi na mama mkwe. Bibi yule alikuja wakati wa msiba na sanduku moja, na hakuna aliyezungumzia habari ya kuondoka. Walikuwa wanawake wawili, televisheni moja, na mwanamume mmoja asiyetajwa. Waliomtaja ni wageni. Walikunywa chai, wakatikisa vichwa, wakasema yale yale ya kila siku, kwamba yule hakuwa mtu wa kukosea, kwamba kwa barafu yule alikuwa mwalimu wa walimu. Kila neno hilo lilipotamkwa, mama mkwe aliinuka akaenda jikoni kuosha vikombe vilivyokwisha oshwa. Mama Baridi aliona fahari ya mama inamwelemea, na akaona haki yake.

Jioni ile alimwambia, kama anayesema kesho atachelewa, kwamba anakwenda kuiyeyusha barafu ya mwisho ya mwanawe. Mama mkwe alipunguza sauti ya televisheni.

"Itasema kitu?"

"Itasema kama ilikuwa kongwe au changa."

Bibi aliwatazama watu wa kwenye kioo wakifungua midomo bila kusikika.

"Ukijua, niambie, mwanangu. Hata kama ni baya. Usinifiche kwa sababu ya uzee."

Kisha akaongeza sauti, na mazungumzo yakaishia hapo.

Asubuhi Mrefu alikuwa mlangoni pa chumba cha baridi bila kuitwa, amevaa koti la maabara lililomkomea kwenye viwiko. Tangu msiba alikuwa akimkwepa Mama Baridi kwenye korido, akijifanya kusoma matangazo ya zamani ukutani. Leo alisema tu kwamba amekuja kushika upande wa pili. Wakaingia.

Mfuko ulifunguliwa. Sehemu ya juu ya mche, upana wa kiganja, ilikuwa angavu kama kioo. Chini yake barafu ikawa nyeupe ya maziwa. Mama Baridi aliiona ile angavu na moyo wake ukatulia kidogo, kwa kuwa kongwe huwa na kichwa cha namna hiyo. Kwenye ukingo wa juu kulikuwa na pengo dogo, pembe iliyomegwa, na ndani ya pengo alama ya kisu. Aliweka dole gumba pale. Glavu ilikuwa nene, hakuhisi kitu, na alijua kwamba hata bila glavu asingehisi.

"Ulimi hakosei," alisema Mrefu, akimaanisha wema.

Msumeno ukafanya kazi yake. Kila kipande kiliingia kwenye ndoo yake yenye kifuniko, isipokuwa kimoja kidogo cha juu chenye pengo la kisu, kilichorudishwa mfukoni, na ubavuni Mama Baridi alichonga ubamba mwembamba wa mche mzima, kama afanyavyo kwa kila mche, kwa ajili ya kuutazama kwenye meza ya taa. Ndoo zikapangwa nje, mezani, kwenye joto la kawaida la watu. Barafu haikufanya haraka. Ilijiachia usiku kucha, kwa wakati wake.

Kesho yake akaanza kupima. Ndoo ya kwanza, ile ya juu: maji matamu, chumvi hakuna. Mrefu alishusha pumzi kwa nguvu hadi karatasi mezani zikapeperuka. Ndoo ya pili: chumvi. Ndoo ya tatu: chumvi zaidi. Mama Baridi aliosha kipimo kwa maji safi, akarudia, na kikasema vilevile. Akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu aajiriwe: akachovya kidole akaonja. Ilikuwa bahari tupu.

"Changa," alisema.

Mrefu alitazama viatu vyake, ambavyo kwa urefu wake vilikuwa mbali.

Basi Ulimi alijua. Mama Baridi alisubiri maumivu yaje, akayaandalia nafasi kama mtu anayesogeza viti. Hayakuja. Alifunika ndoo, akafuta meza, akakumbuka kwamba nyumbani sabuni ya vyombo imekwisha. Alifikiri kwamba labda ndivyo itakavyokuwa sasa hadi mwisho, kwamba mtu anaweza kupata habari kama ile kisha akakumbuka sabuni. Mwenye kovu usidhani kapoa, wanasema wenye hekima. Wangemwona yeye wangetafuta kwanza kovu liko wapi.

Mikono yake, ambayo haikumngoja, ilikuwa imekwisha washa meza ya taa. Kazi ni kazi: kila mche sharti ubamba wake utazamwe kati ya vioo viwili vyeusi vinavyoonyesha jinsi barafu ilivyojijenga. Aliurudia mlango wa chuma, akauleta ubamba, akauweka, akainama. Chini aliona alichotarajia, nguzo nyembambanyembamba za maji ya bahari yaliyoganda kwa msimu mmoja. Juu ya nguzo, utepe wa theluji iliyolowa ikashindiliwa. Na juu ya theluji, umekatwa kwa mstari mnyoofu kama pale rangi ya ukuta inapoishia, ule upana wa kiganja wa barafu angavu, wenye punje kubwa kubwa zisizo na mpangilio, kama za maji yanayogandia kwenye beseni.

Alikaa akiutazama mstari ule kwa muda. Kongwe haina mstari. Hubadilika polepole, kama nywele zinavyopata mvi. Barafu hii ya juu haikuwahi kuwa bahari. Ilikuwa imetoka juu.

"Mrefu," alisema bila kuinua kichwa, "siku zile, kabla ya ajali, mvua ilinyesha?"

Mrefu alitaka kucheka, akajizuia. Ndiyo, ilinyesha. Ilinyesha katika mwezi ambao huko theluji yenyewe huwa kavu kama unga, na wazee wa meli waliapa hawajawahi kuona. Wote walitoka nje kushangaa. Mpishi alitoka na sufuria akasema anakinga ya ukumbusho. Usiku baridi ikarudi, kila kitu kikaganda, kisha theluji mpya ikafunika, na wakaisahau kama unavyosahau mgeni aliyepita njia tu.

"Na yeye alitoka?"

"Yeye ndiye aliyecheka kutushinda. Alisimama sitahani ametoa ulimi nje, anadaka matone kama mtoto. Alisema yuko kazini."

Mama Baridi alichukua kile kipande kidogo cha mche kilichobaki chenye pengo la kisu, akakipima kwa macho. Kisu kiliingia kwenye barafu angavu, kikatoka kwenye barafu angavu. Ile nyeupe hakikuigusa. Ulimi alimega pembe ya juu, kama alivyomega maisha yake yote, kwa sababu katika maisha yake yote juu ya bahari iliyoganda palikuwa na bahari iliyoganda. Mazoea yana taabu. Alionja mvua, ile ile aliyoidaka kwa mdomo wazi sitahani, akaiita kongwe. Hakutoboa mpaka chini kwa sababu alikwisha jua. Na mtu anayekwenda kufa haonji barafu kwanza kuona kama itambeba.

"Alikosea," alisema.

"Ulimi?" Mrefu aliuliza, kama ametukaniwa ndugu.

"Alikosea, Mrefu. Alikosea kabisa."

Mrefu alikaa kwenye kiti cha chini, magoti yakamfikia kifuani. Alisema kuna jambo limemkaa kooni mwaka mzima. Ile saa hakupewa. Alimla Ulimi kwenye karata, mbele ya watu wote, na Ulimi akaapa ataikomboa safari ya kurudi na riba juu. Sasa mtu atasimamaje msibani aseme saa ya marehemu ameishinda kwenye kamari? Akaona heri aseme amepewa. Mama Baridi alimtazama mtu mzima huyo aliyekunjamana kwenye kiti. Alimwambia saa ile aje aichukue, ni yake, aliishinda kwa haki.

Maji ya ndoo aliyamwaga kwenye sinki, kama maji ya miche mingine yote. Ya ndoo ya kwanza aliyamwaga mwisho.

Nyumbani alimkuta mama mkwe mezani jikoni anamenya viazi, maganda marefu yakijikunja juu ya gazeti. Alisimama mlangoni na mfuko wenye sabuni ya vyombo. Njia nzima alikuwa amejipanga atakavyosema, kwa maana ni jambo zito kumwendea mama aliyebakiwa na sifa tu ya mwanawe, ukamnyang'anya na hiyo.

"Mama, nimejua."

"Sema."

"Ilikuwa changa. Ila juu yake mvua ilikuwa imeganda, na yeye alionja ile ya juu tu, akadhani ni kongwe." Aliingia hatua moja. "Alikosea, mama. Nisamehe. Alikosea."

Kisu kilisimama katikati ya kiazi.

"Rudia."

"Alikosea. Alidhani itambeba."

"Hakujua?"

"Hakujua."

Mama mkwe aliweka kisu chini, akaweka kiazi kando yake, akafuta mikono kwenye kanga yake taratibu, mkono mmoja kisha mwingine. Alipoanza kusema hakumtazama Mama Baridi, aliyatazama maganda. Alisema mwaka mzima watu wanaingia humu ndani wanamletea neno hilo, hakosei, hakosei, na wanadhani wanampa pole. Alisema siku mwanawe alipopiga simu ya mwisho kutoka melini, alimwomba msamaha: mama, kama kuna mahali nilikukosea unisamehe. Mwana anaombaje msamaha kwenye simu ya salamu?

"Mtu asiyekosea akiingia kwenye maji," alisema, "ameingia mwenyewe. Hayo ndiyo waliyokuwa wakiniambia kila siku, na mimi nawapa chai."

Mama Baridi alimwambia lile alilokuwa nalo, kwamba msamaha ule aliombwa hata yeye, kila safari, na kila safari alimjibu asilete uchuro akaze kofia. Mama mkwe aliitikia kwa kichwa, mara moja, mara mbili. Mabega yalianza kumtetemeka. Mama Baridi alidhani ni kilio, na kilikuwa kilio, lakini ndani yake kulikuwa na kitu kingine kilichokuwa kikisukuma kutoka, na kilipotoka kilikuwa hasira, hasira nzima, mbichi, ya mama aliyemkuta mtoto anatafuna kitu sakafuni.

"Mjinga," alisema. "Mjinga wa watu huyu. Nilimpaka shubiri vidole vyote kumi. Nilimwambia si kila kitu ni cha kutia mdomoni."

Mama Baridi alivuta kiti akakaa. Mfuko wa sabuni ulikuwa bado mkononi, na vidole vilivyoushika vilikuwa vimeanza kumchoma, vijisindano, kimoja kimoja.